Watoto Ambao Kitabu cha Maziko Hakikuwaandika

Domina Herman alipofaulu kidato cha sita, watu wa kijijini kwao Zombo walidhani atasomea udaktari. Yeye akachagua hesabu za bima ya maisha. Mimi nilimfundisha hisabati sekondari, hapa Mikumi, lakini hata mimi ilibidi nimuulize zinahusu nini. Akanieleza bila haraka: mtu anapokata bima ili familia yake isaidiwe akifariki, lazima awepo wa kukadiria watu wa umri wake huishi hadi lini.

Baba yake, mzee Herman, hakupendezwa. Alisema hakumsomesha binti ili akahesabu marehemu. Hata hivyo hakumzuia.

Mwaka wa mwisho chuoni kila mwanafunzi alitakiwa kuandika utafiti. Wenzake walitumia majedwali ya vifo yaliyomo vitabuni, yanayoonyesha kati ya watoto waliozaliwa ni wangapi hufikia kila umri. Domina aliona yametokana na watu wa nchi za mbali, akaomba atengeneze jedwali la kwao. Msimamizi wake alimwonya kuwa muda hautatosha.

Likizo ikamkuta Zombo, amekaa kanisani na vitabu vya maziko vya miaka ishirini. Matokeo yalimfurahisha: vifo vya watoto wachanga vilikuwa vichache mno. Alikuwa akikunja daftari wakati Bibi Natalia, mkunga wa zamani, alipoingia kufagia. Domina akamwamkia, akamweleza alichokipata.

"Wajukuu wangu wawili umewaona humo?" bibi akauliza.

Domina akapekua. Hawakuwemo.

"Walikufa kabla ya kubatizwa. Tuliwazika wenyewe, nyuma ya nyumba. Wa namna hiyo ni wengi, mwanangu."

Domina angeweza kuishia hapo. Kazi ilikuwa imekamilika na hakuna chuoni ambaye angejua. Badala yake alianza upya, nyumba kwa nyumba. Siku ya kwanza alifukuzwa mara tatu. Mtu anayeulizia vifo huonekana analeta mkosi. Jioni alirudi amenyong'onyea. Asubuhi mzee Herman akatoa baiskeli, akampakia, wakaenda hadi kijiji cha Masanze. Mzee ndiye aliyebisha hodi na kueleza shida yao, kwa kuwa alifahamika kote huko, kisha akakaa nje akisubiri.

Domina hakutoa daftari mpaka mama aliyefiwa aanze mwenyewe kusimulia. Mmoja alizungumza mchana kutwa juu ya mtoto aliyeishi siku tisa. Domina alimuuliza jina la mtoto huyo, ingawa hesabu yake haikulihitaji. Aliniambia baadaye kuwa darasani kifo kilikuwa herufi yenye tarakimu ndogo chini yake, na kwamba tangu siku ile hakuweza tena kuiandika haraka haraka.

Jedwali lake jipya lilikuwa la huzuni, lakini lilikuwa la kweli. Alichelewa kulikabidhi kwa wiki mbili, akakatwa maksi. Msimamizi yule yule aliyemkata maksi ndiye aliyemwomba ruhusa ya kuwafundisha wanafunzi wa mwaka uliofuata sura ya utafiti wake inayohusu watoto wasioandikwa.

Nimefundisha miaka ishirini na sita, na wenye akili nimewaona wengi. Aliyekubali kuharibu jibu zuri kwa sababu halikuwa sahihi, nimemwona huyu mmoja.

Sasa ameajiriwa Dar es Salaam na bado anafanya mitihani ya kitaaluma. Miwili amefaulu. Wa tatu umemshinda mara moja, ataurudia Septemba.