Bati la Mashamba ya Karanga

Kilichonishtua kwanza kilikuwa mkwaruzo wa mbao zilizofungwa miguuni mwa wenzangu wa chuo, wakiteleza juu ya barafu katika mlima wa ugenini tulikokwenda likizo.

Bati hulia vivyo hivyo juu ya jiwe. Upande wa Mkotokuyana, nyuma ya kijiji chetu, kulikuwa na mwamba mrefu, nasi watoto tuliuteremka kwa bati lililotupwa na mashamba ya karanga ya Wazungu. Lilinuka grisi na kutu iliyopashwa jua.

Alasiri ile ilikuwa zamu ya Somoe, rafiki yangu, ambaye ukoo wake na wetu ni watani. Bati likapinduka, akaanguka.

“Mguu wangu, jamani!”

“Mtani anajililia matanga yake!” nikasema, nikagaragara na kuigiza kilio chake kama watu wazima wa kwetu wawafanyiavyo watani wao msibani. Niliamini kwamba mtani haumii kikweli. Hulia ili achekwe. Tukaenda zetu. Baba yake alimkuta jioni, na mguu ule haukunyooka tena.

Kosa hilo nimelichunguza miaka mingi, pengine kwa kuwa kuchunguza ni rahisi kuliko kuomba radhi. Niliposhuka mlima ule wa barafu nilipiga simu dukani kwa kaka yake, mjini Ruangwa, nikaomba Somoe aitwe. Nilisikia mkongojo ukija polepole sakafuni.

“Somoe, nisamehe kwa siku ile ya bati.”



“Kumbe umeacha kucheka, mtani?” akasema, akamrudishia kaka yake simu.