Zimeni Simu, Mama Anaagwa

Nawadharau watu wa kampuni za simu, na ni heri niseme mapema kabla sijaanza kujifanya mtu wa haki. Nimeishi Kitale miaka mingi nikifundisha fizikia katika shule ya wasichana, na katika miaka hiyo nimeona kampuni tatu zikipigania ukuta wa kiduka kimoja cha sukari na viberiti. Mwezi huu ukuta ni wa zambarau, mwezi ujao ni wa rangi ya chungwa, na mwenye duka anashukuru kwa sababu rangi ni ya bure. Ukitoka hapo ukapita Kiminini mpaka kwetu Bungoma, ni maduka yaliyovalishwa sare njia nzima. Kila mtu ana laini mbili au tatu, na siku ya soko hakuna hata moja inayoshika. Tunaitwa wateja wapendwa. Mimi huita hiyo kutongozwa na mtu asiye na nyumba.

Wasichana wangu wa kidato cha nne wanalielewa jambo hili kuliko wale wenye tai wanaolieleza kwenye televisheni. Simu husafirisha maneno kwa mawimbi, na mawimbi yana masafa yake. Serikali huipa kila kampuni kipande chake cha masafa, kama mtu anavyogawiwa ploti, na vipande vikiisha vimeisha. Mlingoti wa simu hutumia kipande hicho hicho kwa watu kumi na kwa watu elfu. Huwa nawapeleka wasichana kwenye mifereji ya bweni, ambayo yote hutegemea bomba moja. Akifungua mmoja, maji yanaruka mpaka sketi inalowa. Wakifungua wote, kila mmoja anapata machozi. Halafu nawauliza kampuni ya simu ikiona hivyo hufanya nini, nao hujibu kwa pamoja, kwa maana nimewafunza dharau yangu vizuri: hugawa ndoo zaidi.

Mama alipofariki, nyumbani Bungoma, mdogo wangu wa pekee alikuwa ng'ambo akiwatunza wazee wa watu wengine. Karatasi zake za kukaa huko zilikuwa hazijatoka, na angeondoka asingerudi. Alikuwa amemshonea Mama gauni la samawati lenye kola nyeupe, la Krismasi. Alilipa mtu aliyekuwa akisafiri, nalo likanifikia siku mbili kabla ya mazishi. Aliomba jambo moja tu: amwone Mama akiwa amelivaa, kabla jeneza halijafungwa.

Halikuwa jambo dogo. Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alikuwa amepiga marufuku picha za marehemu. Shemeji yetu mmoja alipoaga dunia, uso wake ulizungushwa kwenye magrupu ya simu ukiwa umepambwa maua na mistari ya Biblia, hadi mjane wake akatumiwa na mtu asiyemjua. Kwa hiyo nilipomwendea Mjomba alikubali tu nimpigie mdogo wangu simu ya video, dakika tano, nikiishika mwenyewe, bila kuhifadhi chochote.

"Mtu huagwa kwa macho," aliniambia. "Picha ya kuweka ni ya nini? Muonyeshe, halafu tufunge."

Nilikuwa na hakika itawezekana, maana siku iliyotangulia mazishi nilikuwa nimejaribu. Nilisimama pale jeneza lingewekwa nikampigia mdogo wangu, naye akanihesabia kuku waliokuwa nyuma yangu. Kwenye kilima nyuma ya boma letu kuna milingoti mitatu ya kampuni tatu, imesimama bega kwa bega kama wachumba watatu mlangoni kwa msichana mmoja. Nilijiambia kwamba mahali penye milingoti mitatu hapakosi njia. Mwalimu mzima, nilisahau somo langu mwenyewe. Siku hiyo ya kujaribu tulikuwa watu kumi na wawili pale nyumbani.

Mazishi kwetu hayana mwaliko. Asubuhi yake watu walijaa mpaka kwenye migomba, na kampuni hazikosi kunusa umati. Moja ilitukopesha hema, na kamati ya mazishi, ambayo haijawahi kukataa cha bure, ikalisimamisha juu ya jeneza la Mama. Kwenye ukingo wake palikuwa na maandishi makubwa: HAKUNA ALIYE MBALI. Ya pili, ambayo ndiyo ninayotumia, isingekubali kupitwa. Ilifungua mwavuli langoni ikagawa laini na bando za bure, na watu waliokuja kumlilia mama yangu wakapanga foleni na vitambulisho mkononi. Senge, dada ya baba yangu, alitoka na laini mbili. Mimi pia nilichukua moja, nikaitia kwenye simu yangu ya pili, ile ya magrupu ya familia, nikaitupa kwenye mkoba. Cha bure hakikataliwi.

Hotuba zikaanza. Waliotaka viti vya siasa walimsifu Mama, ambaye hawakumjua, na waombolezaji wakachoka wakainamia simu zao. Ilipofika zamu ya kuaga, pasta alikuwa anatazama saa, maana alikuwa na mazishi mengine Moi's Bridge. Nikampigia mdogo wangu. Paji la uso wake lilitokea, likavunjika vipande vipande, kisha sauti ikasema, "Sikuoni," ikakatika. Nikapiga tena. Nikaazima simu ya Senge nikajaribu ile kampuni yenye hema, mambo yakawa yale yale. Nikaenda mbio langoni kwa bwana mauzo aliyevaa shati la zambarau.

"Madam, network iko sawa kabisa," alinijibu. "Ni watu tu ndio wengi."

Nikarudi nikaomba kipaza sauti. Niliwaeleza waombolezaji kwamba bintiye marehemu yuko mbali, anataka kumuona mama yake mara ya mwisho, na nikawasihi wazime simu kwa dakika kumi. Mama mmoja wa kanisa aliitikia amina. Kisha watu wote, kwa upole na heshima kubwa, wakatoa simu mifukoni. Wengine walizitoa wazizime, wakakuta ujumbe, wakausoma. Wengine walielewa kwamba mtandao unaisha, wakaharakisha kujaribu kama wao bado wanao. Walionihurumia zaidi walinirekodi. Na kule langoni bwana mauzo akatangaza kwa spika yake kwamba yeyote aliyesumbuliwa na mtandao aje apate bando mara mbili.

Niliwachukia wote. Nilisimama kando ya jeneza nimeinua simu juu ya uso wa Mama, na kwenye kioo hapakuwa na mdogo wangu, palikuwa na kiduara kinachozunguka. Mjomba alinipa zile dakika tano, akaniongezea tano nyingine. Halafu pasta akakohoa, na jeneza likafungwa.

Saa kumi na moja jioni watu walikuwa wametawanyika na hema limekunjwa. Simu niliyoishika mchana ilikuwa imeisha chaji. Ile ya mkobani ikalia, nikaichukua, ilikuwa ya moto kama chapati. Alikuwa mdogo wangu, naye alionekana safi hata nikaona alivyovimba macho.

"Niliona tu maandishi ya hema, dada," alisema. "Ikaganda hapo. Nikayasoma mpaka ikakata. Gauni lilimkaa?"

Nilimwambia lilimkaa. Nilimwambia kola ililala vizuri na mikono ilifika pale alipokadiria, na kwamba Senge alitaka kujua nani fundi. Aliniomba nimwonyeshe kaburi, nikamwonyesha, akaliona mpaka mabonge ya udongo.

Alipokata, niliangalia kwa nini simu imepata moto. Mkobani mle, kwa bando la bure, ilikuwa imeshinda ikishusha video za magrupu: kwaya, hotuba, msururu wa magari. Ile ya mwisho kushuka kabla ya jeneza kufungwa ilitumwa na binamu yangu. Nikaifungua. Ni mimi, nimeshika kipaza sauti, nawasihi watu wazime simu.

Hilo sijamwambia mdogo wangu.