Muhuri Nilioandikiwa Kwamba Ninao

Mimi si mtu wa kusamehe, na miaka yangu ya ubalozi haikunibadilisha. Ilinifundisha kutabasamu nikisubiri, basi.

Wakati wa vita nilikuwa karani katika ofisi ya serikali hapa Kindu, mashariki mwa Kongo. Kwetu hakuna mkubwa anayeacha kiti bila makabidhiano: anayetoka na anayeingia huketi meza moja, orodha ya vitu ikasomwa kwa sauti, kabati kwa kabati, ufunguo kwa ufunguo, kisha wote wawili wakatia sahihi. Waasi walipokaribia, mkuu wangu alijikabidhia peke yake. Aliandika kwamba muhuri wa serikali ameniachia mimi, akaighushi sahihi yangu, akatia muhuri wenyewe katika mkoba wake na kupanda ndege ya mwisho. Hata kwaheri hakuniambia, bwana yule.

Waasi wakaikuta karatasi mezani, wakautaka muhuri. Ningewapa nini? Walinilaza kifudifudi sakafuni wakanichapa siku tatu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuja kila siku kulia mlangoni, wakimsukuma, na siku ya tatu mimba ikatoka. Hatukupata mtoto mwingine.

Vita vilipokwisha niliingia wizara ya mambo ya nje. Nimekula na watu niliowachukia, nimewamiminia chai kwa mikono miwili. Mkuu wangu naye alirudi Kindu, akapewa kiti chake, akawa anasimulia kwamba kuna karani mmoja mzembe aliyepoteza muhuri wa nchi. Habari hizo zilinifikia huko ugenini. Nilipoulizwa kazi gani niipendayo kabla ya kustaafu, wenzangu walitaja miji ya Ulaya. Mimi nilitaja kiti chake.

Nilikipata mwaka huu. Wafanyakazi wote walikusanyika, orodha ikasomwa hadi feni mbovu na mapazia. Yeye alikuwa amekwisha kutia sahihi na kunisogezea kalamu. Bila sahihi yangu asingepata karatasi zake za kustaafu, na alilijua hilo. Nikaiweka kalamu chini.

"Mukubwa, ile muhuri ya wakati wa vita iko wapi?"

"Excellence, ile ni mambo ya zamani."

"Sisaini. Sema hapa mbele ya watu: nani alibeba?"

Jasho likamtoka mzee wa watu. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilitamani feni ile ibaki mbovu. Alitazama mlango, akatazama watu wake, mwishowe akakiri kwa sauti ndogo kwamba ni yeye. Nikamwambia arudie.

"Njo mimi nilibeba. Na ile sahihi, njo mimi niliandika ku fasi yako. Niliogopa. Bila muhuri, kule Kinshasa hakuna muntu angenijua."

Nikatia sahihi. Akanyoosha mkono.

"Minaomba pardon, ndugu yangu."

"Enda umuombe mama ku nyumba," nikamwambia. "Njo yeye alipoteza mutoto."

Hajaja bado, ingawa nyumba yangu anaijua. Mke wangu nilimweleza yote, na tangu siku ile huamka mapema, hufagia baraza na kuweka kiti cha mgeni. Hajaniambia atamwambia nini akija, nami sitamuuliza.