Kipande cha Barafu Mdomoni

Walionunua santuri za Natsugumo walidhani zilitengenezwa juani, na nani awalaumu? Kila Juni bendi hiyo ilitoa santuri mpya ya kiangazi, nyimbo tupu za magari yasiyo na paa, soda baridi na wasichana wasiopiga simu. Lakini santuri ya Juni hurekodiwa Januari, na Januari studio ile ya Tokyo ilikuwa haikaliki kwa baridi, maana hita ilizimwa isije ikavuma kwenye maikrofoni. Onozuka Morio, mpiga besi, alikuwa amepiga viangazi saba vya namna hiyo huku amevaa soksi mbili mbili na vidole vikimuuma. Kiangazi chenyewe hakukijua tena. Kilipofika, yeye alikuwa jukwaani kwenye fukwe za watu, akiwachezesha wenye likizo.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Huu aliamka nao, akapiga nao mswaki, akapanda nao treni.

Baba yake alikaa Tokamachi, kwenye theluji ya kufika dirishani, ambako mtu hupanda paani na koleo kuiokoa nyumba isilemewe. Januari hiyo mzee alipanda akiwa na miaka sabini na mmoja, akateleza. Simu ya mama ilifika studio wakiwa katikati ya wimbo wa pili.

"Si yuko hospitali?" alisema Hatano Reiji, mwimbaji na kiongozi wa bendi. "Yuko mikononi mwa madaktari. Tumalize huu mmoja tu, kaka, halafu ukimbie."

Morio akaumaliza. Akaurudia mara mbili zaidi, kwa sababu Hatano hakuupenda mwisho wake. Alipofika nyumbani, mzee alikuwa amelazwa mkekani, kitambaa cheupe usoni. Mama hakumlaumu hata kidogo, alimuuliza tu kama amekula. Hilo ndilo lililomkaa kooni, asiweze kulia wala kulimeza.

Kabla ya kurudi Tokyo alimwahidi mama jambo moja. Katikati ya Agosti, siku za Bon, marehemu wanaporudi kwao, atakuwa mlangoni. Kwa aliyefariki mwaka huo hutundikwa taa nyeupe ili asipotee njia, na anayeiwasha ni mwanawe. Mzee Onozuka hakuwa na mwana mwingine.

Februari ratiba ya maonyesho ikatoka. Tarehe kumi na tatu hadi kumi na sita Agosti, maonyesho manne ya ufukweni. Morio aliisoma ndani ya gari, wakienda Chiba kupigwa picha ya jalada. Akaikunja akaitia mfukoni. Mara tatu njiani alitaka kusema, mara tatu akatazama nje ya dirisha. Kuogopa nako kunachosha.

Chiba kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Wakavuliwa makoti, wakabaki na kaptura na mashati ya maua, miguu peku mchangani. Mpiga picha, mama mmoja asiye na masihara aitwaye Kaburagi, alipita na ndoo ndogo akimgawia kila mtu kipande cha barafu.

"Mdomoni, jamani, na msimung'unye! Mdomo ukipoa hautoi mvuke. Mkinipumulia kama mabirika, Japani nzima itajua ni Februari."

Mpiga ngoma akasema meno yake yameshaandika barua ya kuacha kazi. Wakacheka bila kufungua midomo. Kamera ikaanza.

"Morio, changamka basi," Hatano akamnong'oneza, barafu shavuni. "Umekaa kama mtu aliyefiwa."

Ulikuwa utani wa kila siku. Kisha Hatano akakumbuka, akainamisha macho. Morio akatema barafu mchangani.

"Reiji, Bon sipo."

"Okota barafu yako. Tunapigwa picha."

"Kuanzia tarehe kumi na tatu sipo. Nakwenda kumpokea baba."

"Utampokea mwakani, bwana! Mzee keshatangulia, ana haraka gani?" Hatano hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kuliko wote, na hakuwa na wa kumwambia. "Mama yangu alizikwa mimi nikiwa Nagoya naimba. Umewahi kunisikia nikilia?"

"Hapana. Na hicho ndicho ninachokiogopa."

Hatano akahamishia barafu shavu la pili. "Ukienda, mwingine atakaa mahali pako. Na akishakaa hatainuka."

"Basi na akae."

Kila neno lilitoka na wingu lake.

"Wewe wa pembeni, unaniharibia kazi!" Kaburagi akapiga kelele, lakini kidole chake hakikuacha kubonyeza. Dakika hiyo jua lilikuwa limetokeza. Likaingia tena, na siku hiyo halikuonekana zaidi.

Ndiyo maana kampuni ya santuri haikuwa na picha nyingine ya kutumia. Juni santuri ikajaa madukani, vijana wanne na bahari ya buluu, na yule wa pembeni kinywa wazi, moshi mweupe ukimtoka. Wengi walidhani ni sigara.

Tarehe kumi na tatu Agosti, jua likizama, Morio aliwasha taa nyeupe mlangoni kwao Tokamachi. Mpiga besi mwingine alikuwa ufukweni akipiga nyimbo zake. Ndani, mbele ya picha ya marehemu, mama alikuwa ameweka tango lenye miguu minne ya vijiti, farasi wa kumleta mzee, na kando yake santuri. Alivaa miwani, akaisogeza santuri machoni.

"Kiangazi chote hiki, na wewe unafuka moshi. Umeanza sigara?"

"Ni baridi, mama. Ilikuwa Februari."

"Februari, na kaptura!" Akatikisa kichwa. "Na hapa ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa namwambia Reiji kwamba nakuja nyumbani."

Mama akaitazama tena, polepole. Akaigeuza santuri ielekee picha ya mumewe, akainyoosha isianguke.

"Umekula?" akauliza.

Hapo Morio akalia, kwa sauti, kilio alichodaiwa tangu Januari.