Mpira wa Dirishani

Jirani yake Safiya aling'oa bomba la uani kwa mikono yake, akisema amechoshwa na foleni ya mtaa mzima. Tangu hapo mpira wake wa maji hutokea kwenye dirisha la jikoni, umefungwa kwenye bomba la ndani kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Kila asubuhi humwagilia mboga zake za lenga-lenga huku akinung'unika. Akifika ukutani huukazia macho mpapai, na mkono hupitisha mpira upande wa pili, kwenye bidoni ya Safiya. Hasogei mpaka asikie kwa mlio kwamba imejaa.

Leo Safiya akasema, "Aksanti, papa."

"Kwangu bomba ya inje haiko tena, mama," akauambia mpapai. "Leta bidoni ingine."