Joto la Bure

Ukimwambia mtu wa Makete kwamba Dubai kuna baridi, atakucheka mpaka akae chini. Severina naye alicheka. Alipohamishwa kutoka Al Qusais kwenda Hatta, kufanya usafi kwenye nyumba za wageni za Madam Muna kule milimani, wenzake walimtilia blanketi la pili kwenye begi. Akalitoa. "Baridi mnanifundisha mimi?" akawaambia. "Mimi niliyekwenda shule nikikanyaga barafu kwenye majani?"

Januari ikamtia adabu. Hatta jua likishazama nyuma ya mlima, baridi inashuka na haibishi hodi. Na chumba cha wafanyakazi kilikuwa kabini, lile banda la bati linaloletwa na lori na kutuliwa chini likiwa zima na mlango wake. Alikaa humo na Roselyne, Mkenya wa Vihiga, mpishi, msichana mwenye mdomo na kicheko, aliyelala na koti na soksi mbili mbili na bado meno yakagongana.

Hita ya umeme ilikuwepo. Lakini bili ilipokuja, Madam Muna aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. "Hita, hita, hita! Mnapasha moto milima yote ya Hatta? Khalas!" Akaamuru hita ya wafanyakazi iwashwe kidogo tu jioni, halafu izimwe. Za wageni nazo zipunguzwe. Mtafute njia, akasema, na akaondoka na shali lake la sufu.

Hapo ndipo Severina alipong'ara. Alitandika mazulia ya zamani sakafuni. Akabandika nailoni kwenye vioo kwa solatepu. Akakunja taulo kuukuu na kuzishindilia chini ya mlango, na tundu la bomba la kiyoyozi akaliziba kwa mto mzima. Chupa za maji ya moto akaziweka miguuni mwa vitanda. "Joto halinunuliwi," alimwambia Roselyne akiwa juu ya stuli, solatepu mdomoni. "Joto linafungiwa ndani."

Madam Muna alikuja kuona, akaguswa. Akataka mapazia mazito kwenye vyumba vyote vya wageni, na akamwita Severina injinia mbele ya watu. Basi we! Severina alitembea siku ile shingo imenyooka, na usimlaumu, maana sifa ya bosi si kitu cha kila siku.

Ufundi huo aliutoa kwao. Nyumba aliyokulia Makete ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na bati, mkono unapita, na upepo wa ukungu ulikuwa unapita humo kama mwenye nyumba. Mama yake aliwasha jiko la mkaa chumbani na bado walilala wamejikunyata. Severina aliuchukia uwazi ule utoto wake wote. Alipopata kazi Dubai, kitu cha kwanza alichomfanyia mama yake ni nyumba mpya: dari safi, madirisha ya alumini, vioo. Mama alikuwa amehamia majuzi tu, yuko peke yake. Na kila akipiga simu Severina alimkumbusha, "Ukiwasha jiko, mama, funga kila kitu. Usiache hata tundu la sindano."

Sasa wageni wa Hatta wanapenda kuchoma nyama. Wanachoma, wanakula, wanaondoka, na makaa yanabaki yanawaka, mekundu, mazuri, hayana mwenyewe. Severina aliyatazama yakifa hivihivi na roho ikamuuma. Akatoboa debe la mafuta, akatengeneza jiko lake, akawa anayabeba makaa kwa koleo mpaka kabini. Joto la bure! Roselyne aliinua mikono juu. "Aki Seve, Mungu akuzidishie. Hiyo hita wakae nayo."

Siku za mwanzo walikaa nalo kidogo tu wakati wa kuvaa. Kisha wakazoea. Kichwa kikaanza kumuuma Severina asubuhi, akasema ni hewa ya milimani. Roselyne akaanza kichefuchefu, wakacheka wakasema ni dengu za Irshad, dereva. Hakuna aliyeliangalia jiko.

Ijumaa ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Roselyne aliamka kichwa kimeshikwa, miguu haina nguvu. "Nimeshindwa, Seve. Hii kichwa inaniua."

"Ni baridi hiyo imekuingia," Severina akasema, na alisema kwa mapenzi. "Lala. Nitakupasha moto vizuri." Mchana wageni walipomaliza kuchoma kuku wao chini ya kibanda, akamletea makaa, debe limejaa mpaka juu. Akamfunika mpaka kidevuni. Akashindilia taulo chini ya mlango kwa upande wa nje, kwa kidole, ili upepo usipate hata upenyo, akaenda kutandika vitanda vya watu.

Alirudi jioni, uji mkononi. Alipovuta mlango joto likamkumbatia, joto zuri kabisa, na jamani, kwanza alifurahi. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu ya kuungua. "Rosi," akaita. "Rosi, amka unywe uji."

Roselyne hakuamka. Alikuwa amelala upande, matapishi kwenye mto, mdomo wazi. Severina akamtikisa, na kichwa kikaenda kinakopelekwa. Bakuli likamponyoka. Akapiga ukelele ambao mpaka leo watu wa nyumba zile wanauzungumzia, na Irshad akaja mbio bila viatu.

Irshad alitazama kitanda, akatazama debe. Akalipiga teke mpaka nje kwenye mvua, makaa yakalia tsss. Akang'oa nailoni dirishani, akambeba Roselyne mabegani. "Yalla! Yalla!" Severina alikimbia nyuma yake haelewi. Mtu anakufa, dereva anapigana na jiko!

Hospitalini akaelewa. Muuguzi alikuwa Mkenya, Agneta, mwanamke mzima mwenye sauti ya chini. Aliuliza swali moja: mlikuwa na makaa ndani? Severina akaitikia kwa kichwa.

"Dada," Agneta akasema, "makaa yanatoa hewa ya sumu. Huioni, huinusi. Ukiziba kila mahali, unaivuta mwenyewe mpaka inakulaza. Yule alikuwa anaumwa kwa sababu ya jiko."

"Mimi nilimwongezea," Severina akasema. "Anaumwa na jiko, mimi namwongezea makaa."

"Anapumua. Tumempa oksijeni, amefungua macho. Mshukuru dereva."

Severina aliegemea ukuta. Akawaza nyumba aliyokulia. Makaa yaleyale, miaka yote ile, watoto wote wale chumba kimoja, na hakuna aliyekufa. Kwa nini? Akauona ule uwazi juu ya ukuta. Ule aliouchukia.

Kisha akaikumbuka nyumba mpya. Mama!

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Makete saa hizi jioni inaingia, ukungu umeshuka, mama amewasha jiko. Dari mpya. Alumini. Usiache hata tundu la sindano. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Akapiga tena huku akisema kwa sauti, "Pokea, mama, pokea, pokea," na watu wakageuka kumtazama.

"Haloo? Nani?"

"Mama! Uko wapi?"

"Chumbani, naota moto. Mbona unahema hivyo?"

"Toa jiko nje! Sasa hivi, mama! Litoe, halafu usikate simu!"

Akasikia mama anaguna, mlango unalia, mvua. Kisha mama akarudi hewani, amekasirika kidogo. "Haya, limetoka. Halikuwa na faida lenyewe. Nilikuwa nakuficha, mwanangu, nikiogopa utaumia, maana umehangaika. Yule fundi wako ni tapeli. Dirisha la chumbani halifungi. Tangu nimehamia liko wazi kiganja kizima, upepo unanipiga mbavuni kila usiku. Kesho anakuja kulibana."

Severina akakaa sakafuni pale pale koridoni.

"Asije," akasema.

"Nani?"

"Fundi. Mama, nakuomba. Asiliguse."

"Hee! Kwani hutaki nipate joto?" Mama akasubiri jibu, akasikia kwikwi tu. "Severina? Sasa mtu mzima unalia kwa ajili ya dirisha?"