Mawe Mawili, Ndoo Moja

Mtunza bustani wa kaunsili ya mji ana mikono mipana iliyochunika kwa baridi, na hazungumzi mpaka asemeshwe. Kwenye bustani yake hapa Peckham, London, kuna mawe mawili ya ukumbusho: msalaba wa zamani, na jiwe jipya lililowekwa na watu wasioamini kuwa kuna Mungu. Nyokabi, nesi anayesubiri basi hapo kila asubuhi akitoka zamu, amezoea kumtazama. Mzee huyo huanza na msalaba. Hupiga goti, husema "Bismillahi" kwa lafudhi yake ya Lamu, kisha husugua kinyesi cha njiwa mpaka jiwe ling'ae. Halafu huhamia lile la pili: goti lilelile, brashi ileile, na midomo ikitikisika vilevile.

Leo Nyokabi alishindwa kunyamaza. Jioni kanisa lake linamtuma kwenye mkutano wa kaunsili akadai jiwe la wasioamini ling'olewe.

"Mzee, hata hapo unamtaja Mungu? Wenyewe si hawamtaki?"

Mzee hakuacha kusugua. "Ndiyo maana hapo namtaja kwa kunong'ona, mama."

Kicheko kilimponyoka Nyokabi. Mzee naye alicheka, akajaribu kuinuka aifuate ndoo aliyoiacha msalabani, lakini goti likamgomea. Basi la Nyokabi likafika, likafungua mlango, likaondoka. Nyokabi alikuwa ameishika ndoo kwa mikono miwili, akiipeleka kwenye jiwe la wasioamini, maji yakimrukia viatuni, na alipoitua akajisikia akinong'ona, "Kwa jina la Yesu."